Mvinyo wa Dirishani

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie wadogo zangu habari za mchana. Nimeombwa niongee kuhusu biashara ya familia ya mvinyo, wamenipa nusu saa, basi nitaongea tu kama tunavyoongea nyumbani manake hii kazi nilijifunzia nyumbani, kwenye ndoo na mapipa, darasani nilikuja kuingia baadae sana.

Sisi ni wa Hombolo, hapa Dodoma. Baba alikuwa na ekari mbili za zabibu, zile nyeusi za Makutupora ambazo wengi wenu mnazijua. Kwa mliotoka mikoa mingine niseme kidogo, zabibu Dodoma waliileta wamisionari Wakatoliki pale Bihawana, walikuwa wanataka divai ya misa, na ikashika kweli kweli kwasababu huku mvua ni miezi michache alafu mwaka unaobaki ni jua tu, na zabibu ikipata jua inaweka sukari. Kitu kingine ambacho wageni huwa hawaamini ni kwamba tunavuna mara mbili. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, majani yote chini, mpaka joto lirudi ndo uamke, kwahiyo wao ni mavuno moja kwa mwaka. Huku haulali. Wewe ndo unauamsha kwa mkasi, ukipogoa tu unaanza upya, na baada ya miezi kama minne unavuna. Tunavuna kwenye Februari, Machi hivi, alafu tena Agosti na Septemba, na mimi mavuno ya kiangazi ndo nayapenda, manake yale ya masika unapigana na ugonjwa wa ukungu kila siku, bomba la salfa mgongoni asubuhi, mvua inaosha, unarudia tena.

Sasa zamani baba alikuwa hatengenezi chochote, anauza zabibu tu. Mnunuzi analeta gari anapima anaondoka. Mwaka mmoja akasema atakuja Jumatatu. Tukavuna Jumapili, familia nzima na majirani, kreti zikapangwa chini ya mwembe. Jumatatu hakuja. Jumanne simu haipokelewi. Jumatano nikaamka asubuhi nikaona turubai tulilotandika chini limelowa, juisi inachuruzika kutoka kreti za chini, na nyuki wamejaa mpaka mama alishindwa kupita kwenda jikoni. Mnaolima mnaijua hiyo harufu, ni tamu na ni kali kwa pamoja, na ukiinusa unajua kabisa kwamba ada ya shule ndo inaondoka hivo. Baba hakusema neno. Alipanda baiskeli akaenda kwa rafiki yake akarudi na mapipa mawili ya plastiki, akasema chagueni zilizo nzima, mbovu tupeni, tunakamua.

Ule mvinyo wa kwanza ulikuwa mbaya, ulichachuka ukawa siki. Nausema kwasababu kuna kijana hapa aliniambia asubuhi kwamba amemwaga lita 200 na anataka kuacha. Mdogo wangu usiache. Sisi kosa letu lilikuwa joto na hewa, tuliacha pipa wazi ndani ya banda la bati mwezi wa tisa. Siku hizi tunavuna saa kumi na moja alfajiri, zabibu ikiwa bado ya baridi, saa tatu tumemaliza, na pipa likishatulia tunalijaza mpaka juu kabisa hewa isipate pa kukaa.

Na niwaambie kidogo inavyokuwa, hapa naomba mnivumilie manake ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mvinyo mwekundu unachacha pamoja na maganda yake, rangi yote iko kwenye ganda, ukikamua zabibu nyeusi peke yake bila maganda juisi inatoka karibu nyeupe. Hamira ikianza kazi gesi inayasukuma maganda juu, yanatengeneza kama kifuniko kizito, na usipoyazamisha yanakauka na kuharibika. Basi asubuhi na jioni unaingia na mti mrefu, sisi tunauita mwiko, unasukuma chini taratibu, na maganda yanapozama chini unasikia sauti kama mvua inakuja kwa mbali. Ukiweka mkono kwenye pipa lina joto kama mtoto mwenye homa. Mlango uwe wazi lakini, ile gesi haina harufu na chumba kikiwa kimefungwa inaua, hilo msilifanyie utani hata siku moja.

Mama yangu ni mlokole, tangu nizaliwe hajawahi kunywa pombe. Lakini pua yake ndo mashine yetu. Anakuja na kanga yake begani anainama juu ya pipa anavuta pumzi mara moja, anasema hili leo limechoka, au hili liko sawa, na sijawahi kuona akikosea. Tuna refraktomita ya kupima sukari, tunaitumia kila siku, ikisoma 22 au 23 tunajua tutapata mvinyo wa asilimia 12 na kidogo, lakini kabla sijafunga pipa namuita mama kwanza.

Tulivyoanza kuuza, baada ya leseni na TBS, wale wa viwango, na mlolongo wake wote, hatukuwa na duka. Tuliuza dirishani, lile dirisha la chumba cha mbele, mtu anagonga baba anafungua anampa chupa na wanaongea nusu saa. Mimi nilikuwa naona aibu, nikawa nasema baba tutafute sapamaketi. Sasa 2022 nikapata nafasi ya kwenda Italia, mafunzo ya wiki tatu, na siku moja wakatupeleka Florence. Natembea barabarani naona kwenye kuta za majumba makubwa ya mawe vimlango vidogo vya tao, urefu wake kama chupa na kidogo, niliuliza ni nini nikaambiwa buchette del vino, vidirisha vya mvinyo. Mjini mle vimebaki zaidi ya 100. Familia zilizokuwa na mashamba nje ya mji zilikuwa zinauza mvinyo wao pale pale, nyumbani kwao, mtu anapita anagonga anapitisha hela na chupa tupu, anarudishiwa imejaa. Wakati wa tauni ya miaka ya 1630 vilisaidia watu wasigusane, na 2020 kwenye korona baadhi vikafunguliwa tena. Na mji huo huo ndo wa Antinori, familia iliyoko kwenye mvinyo tangu 1385, vizazi 26, na saa hizi wanaoshika usukani ni mabinti watatu. Nilisimama pale kwenye kidirisha nikamuwaza baba na dirisha lake la nondo Hombolo, machozi yalinitoka, na niliporudi sikutaja tena sapamaketi. Nilisema baba, tuongeze meza na tupike.

Hapo ndo chakula kikaingia. Wadogo zangu, mtu wetu akionja mvinyo mkavu bila chakula anakunja uso, anasema mchungu. Sio uchungu ule, ni ukakasi, kama ukila bibo la korosho ulimi unakauka. Ule ukakasi unatafuta mafuta na nyama. Mpe huyo huyo kipande cha mbavu za mbuzi zimetoka motoni, ana chumvi na mafuta mdomoni, alafu anywe, uso unafunguka wenyewe. Nimeona hii mara mia. Mweupe wa baridi tunauweka na mlenda na ugali wa uwele na karanga, na kuna watu wa hapa hapa Dodoma waliniambia mlenda sio chakula cha wageni. Nawaambia wageni wanaomba kuongezewa. Mlenda wa bibi yako usiufiche mdogo wangu, hiyo ndo meza yako, tambi utawaachia Waitaliano wanazijua kuliko sisi.

Na mwekundu pia uwekeni kwenye friji dakika 20 kabla. Vitabuni wameandika unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba walichokisema ni cha Ulaya, cha nyuzi 16 au 18. Chumba cha Hombolo Oktoba ni 30 na zaidi, mvinyo wa namna hiyo unanusa spiriti tu, na mteja anadhani kosa ni lako.

Safari sasa zinakuja kwetu. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 watu wanatoka Dar asubuhi wanashinda kwetu na kurudi. Tunawatembeza shambani, tunawapa mkasi wakate tawi moja, wasiokunywa pombe tunawakamulia juisi ya siku hiyo hiyo, na wanakaa meza moja na wenzao. Mwezi wa nane alikuja mama mmoja kutoka Bujumbura, mfanyabiashara, alikuwa anapita kwenda Dar. Alionja, akakaa kimya, alafu akaanza kutusimulia urwarwa, jinsi kwao walivyokuwa wanafukia ndizi kwenye shimo na majani ya mgomba ziive, wanazikamua na nyasi, wanaweka unga wa mtama ichachuke, na kwamba baba yake hakuna jambo la maana alilolifanya bila mtungi, posa, msiba, kupatana na jirani. Mama yangu ambaye hanywi alivuta kigoda akasogea, akamwambia na kwetu Ugogoni ni hivo hivo, pombe ya uwele ilikuwa inamwagwa kidogo chini kwa ajili ya wazee kwanza. Wakaongea mpaka jua linazama, yule mama akachelewa basi, akalala kwetu. Asubuhi alichukua chupa 12, na kila akipita anashuka Dodoma.

Kuna mtu ataniuliza mtaji, najua. Tulianza na mapipa mawili ya kuazima. Saa hizi tuna matenki matatu ya chuma na tunanunua zabibu za majirani sita, tunawalipa siku ile ile wanayoleta, hilo baba hakubali lijadiliwe, anakumbuka lile turubai.

Baba mwenyewe yupo pale nyuma, mwenye kofia. Ameleta mweupe na mwekundu, na mama ameleta mbavu na mlenda kwenye hotipoti, juisi iko kwenye jagi la bluu. Anzeni na mweupe ukiwa bado wa baridi, mwekundu msubiri nyama, na yule kijana wa lita 200 nenda kakae karibu na mama, umwambie pipa lako lilinukaje.