Pedali tatu, miguu miwili: somo ndani ya Kirikuu

Haya wadau, karibuni tena kwenye Kirikuu, kigari changu kidogo cha mizigo. Leo usukani hautuhusu, tuko chini huku, miguuni. Dogo, shusha simu. Shusha tena, hapo unawaonyesha goti langu.

Eeh. Kuanzia kushoto: klachi, breki, mafuta. Mguu wa kulia unahudumia breki na mafuta. Wa kushoto ni wa klachi tu. Ukikanyagia breki mguu wa kushoto utaibamiza kama klachi, na abiria atabusu kioo. Breki na mafuta mnazijua, tusimalize bando.

Halafu vua kandambili! Ikichomoka ikaingia chini ya breki, umekwisha. Mimi navaa raba za soli nyembamba, nataka kuisikia pedali.

Sasa klachi. Kuna sahani inabanwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini. Ukikanyaga, sahani inaachiwa, injini inazunguka kivyake, gia inaingia bila kukwaruza. Ukiachia, inabanwa tena na nguvu inafika kwenye tairi. Kwa hiyo kukanyaga ni haraka, mpaka mwisho. Kuachia ni taratibu. Taratibu, jamani!

Tazameni. Gia namba moja, naachia... naachia... hapo! Mlio umeshuka, gari linatetema. Klachi imeshika. Injini ya Kirikuu iko chini ya kiti, kwa hiyo habari unaipata kwa makalio kabla ya masikio. Gandisha mguu hapohapo, ongeza mafuta kidogo, gari lisogee, ndipo umalizie kuachia. Wengi hatua hiyo ya kugandisha mguu ndiyo wanayoiruka. Narudia muone, naachia, nagan...

Limezima. Usicheke, dogo, na usikate. Nimeongea mguu ukajisahau.

Mlimani ni hivyohivyo, ila handibreki iwe juu mpaka klachi ishike na umeongeza mafuta, ndipo uishushe. Sio kabla! Mimi nilishushaga kabla, gari likarudi nyuma hadi kwenye mkokoteni wa nazi. Nikalipishwa zote, hata ambazo hazikupasuka. Klachi ishike kwanza, nimesema?

Na ukishaondoka, mguu utoke kabisa juu ya klachi, la sivyo sahani inasagika kidogokidogo mpaka uanze kusikia harufu ya kuungua.

Wanaotaka kujifunza, Jumamosi asubuhi nipo. Njooni mmoja mmoja, viti ni viwili tu.