Mbwa wa Missouri: Wananchi Walipiga Kura, Wabunge Wakaifumua

MWANAIDI: Karibuni tena kipindini. Ni mimi Mwanaidi, niko na kaka yangu Baraka. Leo tunazungumzia wabunge wa majimbo ya Marekani na kura zao kuhusu wanyama. Baraka, umeng'ang'ania Missouri. Kwa nini si California?

BARAKA: California, wananchi wakipitisha sheria kwa kura yao, wabunge hawawezi kuigusa mpaka warudi kwa wananchi, labda sheria yenyewe iwe imewaruhusu. Missouri hakuna kinga hiyo. Sheria ya kawaida iliyopitishwa na wananchi, bunge linaweza kuifumua mwaka unaofuata. Na ndivyo lilivyofanya.

MWANAIDI: Tuwaeleze wasikilizaji. Novemba 2010 kulikuwa na Pendekezo B, sheria ya mbwa iliyopelekwa kwa wananchi waipigie kura wenyewe. Missouri ilikuwa kinara wa biashara ya kuzalisha mbwa wa kuuza. Unamkuta jike kwenye kizimba chenye sakafu ya waya, anazaa mfululizo, watoto wanasafirishwa kwenda madukani. Pendekezo lilitaka mbwa apate chakula kila siku na maji safi, aonwe na daktari wa mifugo angalau mara moja kwa mwaka, asilale juu ya waya, na asizalishwe zaidi ya mara mbili katika miezi 18. Na mfugaji mmoja asizidishe mbwa 50 wa kuzalisha. Mimi sioni la kubishania hapo.

BARAKA: Wafugaji waliliona, dada. Hiyo 50 ndiyo iliyowawasha. Walisema wakikubali idadi iwekwe kwa mbwa leo, kesho itawekwa kwa nguruwe na ng'ombe. Ndiyo maana vyama vya wakulima, watu wasiofuga hata mbwa mmoja wa kuuza, walipinga kwa nguvu zote.

MWANAIDI: Na bado ikapita.

BARAKA: Kwa asilimia 51 na ushei. Lakini tazama ramani: miji ya St. Louis na Kansas City pamoja na vitongoji vyake ndiyo iliyoibeba. Kaunti nyingi za mashambani zilikataa. Sasa wewe ni mbunge wa huko mashambani. Jimbo zima limesema ndiyo, watu wako wamesema la. Unamsikiliza nani?

MWANAIDI: Unawasikiliza wapiga kura wa jimbo zima. Kura ile haikuhesabiwa kwa maeneobunge.

BARAKA: Lakini yeye alichaguliwa na eneobunge lake. Simtetei, naeleza anavyopiga hesabu.

MWANAIDI: Basi tuseme walivyopiga. Mwaka 2011 mswada wa kuibadilisha ulianzia Seneti, ukafika Baraza la Wawakilishi. Baraza lina viti 163, na mswada hauwezi kupita bila kura 82. Hesabu ni ya viti vyote, si ya waliohudhuria. Kwa hiyo anayekaa nyumbani siku hiyo ni kama amesema la. Mkisoma orodha ya kura, msiwaruke wasiokuwepo!

BARAKA: Ulipita kwa 85 dhidi ya 71. Kura tatu tu juu ya kiwango. Na chama cha Republican kilikuwa na viti 106, kwa hiyo zaidi ya ishirini kati yao hawakuunga mkono. Anayedhani wanyama ni suala la chama kimoja, aitazame kura hii. Mji na shamba vilivuta kuliko chama.

MWANAIDI: Kisha Gavana Jay Nixon, wa chama cha Democrat, akatia saini. Siku hiyo hiyo akasaini mswada wa pili wa maafikiano, uliorudisha baadhi ya masharti, mengine kwa awamu za miaka. Lakini kikomo cha mbwa 50 kiliondoka. Sheria ya wananchi ilikuwa ianze kutumika Novemba 2011. Haikuwahi kuanza kama ilivyoandikwa. Hilo linaniuma, Baraka. Watu karibu milioni moja walisema ndiyo.

BARAKA: Linaniuma na mimi. Ila masharti ya nafasi na ya matibabu yaliyobaki ni bora kuliko yaliyokuwepo kabla, na wapo wafugaji waliofunga badala ya kuyatimiza.

MWANAIDI: Mbwa wa kizimbani hakuombwa kuafiki chochote. Na wabunge hawakuishia hapo. Mwaka 2013 walipeleka kwa wananchi marekebisho ya katiba ya kulinda haki ya kulima na kufuga, na Agosti 2014 yakapita kwa tofauti ya kura zisizofika 3,000, kati ya kura karibu milioni moja. Kinga ambayo sheria ya mbwa haikuwa nayo, wafugaji wakaipata kwenye katiba.

BARAKA: Ndiyo maana nawaambia wanaofuatilia miswada hii: hotuba ya mbunge haitoshi. Fuata mswada kuanzia kamati, ona nani aliuondoa mezani kimya kimya, kisha kura ya majina, ile inayoonyesha kila mbunge alivyopiga. Miswada mingi ya wanyama haifi kwa kukataliwa. Inafia kwenye droo ya mwenyekiti wa kamati ya kilimo, na hapo hakuna jina la mtu linaloandikwa.