Kuchapa Neno ili Kulitafakari

Ndugu wapendwa, jioni hii tunazungumzia kuchapa mistari ya Biblia kwa nia ya kuitafakari. Si kunakili na kubandika. Hiyo ni kazi ya sekunde mbili na moyo hauhusiki. Ni kuchapa neno kwa neno, kwa kompyuta au simu, Biblia ya karatasi ikiwa wazi pembeni.

Mizizi yake ni ya zamani. Kumbukumbu la Torati 17:18 inamwagiza mfalme wa Israeli ajiandikie nakala ya torati, na mstari wa 19 unamtaka asome humo siku zote za maisha yake. Mkono ulitangulia, macho yakafuata. Tena lile neno la Kiebrania linalotafsiriwa "tafakari" katika Yoshua 1:8, haga, lina maana ya kutamka kwa sauti ya chini. Ndilo linalotumika kwa simba angurumaye juu ya windo lake, Isaya 31:4. Kwa hiyo mdomo nao una kazi hapa.

Chagua fungu la mistari mitano hadi minane. Zaburi ya 23 ina sita, yatosha kuanzia. Isome yote kwa sauti. Kisha tazama kipande kimoja tu, mpaka kwenye mkato. Ondoa macho kitabuni, kitamke polepole, ndipo uchape. Hapo pa kuondoa macho ndipo penye kazi yote. Anayechapa macho yakiwa yameganda kitabuni anahamisha herufi tu, na anaweza kumaliza sura nzima asijue imesema nini. Kipande lazima kikae kichwani kidogo kabla ya kushuka vidoleni.

Tuitazame zaburi hiyo katika tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union Version. Katika mstari wa 2 unachapa "hunilaza", kisha "huniongoza". Daudi anawasimulia watu habari za Mungu. Unafika mstari wa 4, ndani ya bonde la uvuli wa mauti, na ghafla: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami." Mstari wa 5: "Waandaa meza mbele yangu." Ile hu- imekwisha, sasa anasema na Mungu mwenyewe, na ameanzia bondeni, si kwenye majani mabichi! Msomaji wa haraka hupita. Anayechapa, kidole chake hutaka kuendelea na hu-, kikakuta haipo. Simama hapo, hata dakika tano. Mistari iliyobaki haikimbii.

Makosa yatakuwapo. Jicho huruka pale maneno yanapofanana. Ndivyo ilivyokuwa kwa 1 Yohana 2:23: katika Kigiriki nusu zote mbili zinaishia kwa maneno yaleyale, na nakala nyingi za mkono zimekosa nusu ya pili. Wewe usifute kosa papo hapo. Maliza mstari, linganisha na kitabu, kisha jiulize kwa nini umechapa hivyo. Ukiandika, katika Zaburi 23:3, "katika njia za haki" ukaacha "kwa ajili ya jina lake", umeiacha sababu ya Mungu kukuongoza. Hilo ni la kuombea, si la kusahihisha tu.

Kwenye simu, zima usahihishaji wa maneno na ubashiri wake, maana simu ikikumalizia neno imekunyang'anya tafakari. Linda pia herufi kubwa. Zaburi 110:1 inasema "Neno la BWANA kwa Bwana wangu": BWANA wa kwanza husimama mahali pa lile jina la Mungu la herufi nne za Kiebrania, wa pili sivyo. Ukiyachapa yote mawili kwa herufi za namna moja, mstari umepoteza fumbo ambalo Yesu aliwauliza Mafarisayo katika Mathayo 22.

Zaburi ya 136 iache mpaka uzoee. Kiitikio chake, "Kwa maana fadhili zake ni za milele", kinarudi mara 26, na kwenye mara ya nne hivi mkono utatamani kubandika. Usibandike. Karibu kila kimoja kimefungwa na tendo lake, kuanzia uumbaji, kupitia Bahari ya Shamu, hadi chakula cha kila mwenye mwili. Chapa tendo, chapa kiitikio, vuta pumzi. Ukichoka kwenye mstari wa 12, weka alama hapo, na kesho anza tena na wa 1.