Ukishafunga trai ndio kazi yaanza: mazungumzo na wazazi wa timu yetu ya raga

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Mwalimu wa michezo kanipa robo saa na mimi raga nikianza sijui kunyamaza, kwa hivyo mnivumilie, na nyinyi vijana mliojificha huko nyuma wekeni simu chini.

Term hii ya pili ndio ya sevens, raga ya watu 7, ile ya watu 15 ilikuwa term ya kwanza. Njia mwaijua: kaunti ndogo, kaunti, kisha Pwani nzima, waje watu wa Kilifi, Kwale, Taita Taveta na wenzao, ukipita hapo ndio waenda nationals. Sisi twafika Pwani halafu twarudi nyumbani. Na kila mara utasikia ooh refa, ooh basi lilichelewa. Sawa, basi lilichelewa kweli, lakini basi halikuingia uwanjani.

Mimi naona shida ni moja tu, ule mpira wa kuanzia. Ngoja nieleze kwa ambao hawafuatilii. Sevens ni dakika 7, mnapumzika 2, mwacheza 7 tena, kwisha. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao, ni pointi 5, mkwaju unaofuata 2. Sasa kwenye raga ya watu 15 ukifungwa, wewe ndiye unayepiga mpira wa kuanzisha tena. Kwenye sevens ni kinyume, aliyefunga ndiye anapiga. Yaani umefunga, mama umepiga vigelegele, watoto wamekumbatiana, halafu kwa mguu wako mwenyewe wampelekea mpinzani mpira! Lakini ukiupiga juu, ukaelea, ukavuka zile mita 10 kidogo tu, na wing'a wako, yule mkimbiaji wa pembeni, akafika nao pamoja akaruka, mpira ni wako tena, wapinzani wanaweza kukaa nusu ya kipindi hawajaushika. Na ukiharibu, usifike mita 10 ama utoke nje moja kwa moja, wao wanapewa friki, mkwaju wa bure, katikati ya uwanja, wako 7 na nyinyi 7 na uwanja ni ule ule mkubwa wa watu 15, hapo mtu akiwa na mbio kidogo basi.

Ile mechi yetu ya mwisho ya Pwani, waliokuwepo wanakumbuka, sisi ndio tuliotangulia kufunga. Tukapiga, ukatoka nje. Kijana wao akaugusa upesi kwa mguu, sisi bado twarudi kujipanga tumewapa mgongo, trai. Tukafunga tena, mpira ukaanguka mfupi, yale yale. Mbio tulikuwa nazo kuliko wao wallahi, tulikosa mpira tu.

Sasa kwa nini? Ufuo. Mazoezi yetu mengi ni ufuoni maji yakipwa, na msidhani nauponda ufuo, mapaja na pumzi za hawa vijana zimetoka huko. Fiji wenyewe hukimbia matuta ya mchanga kule Sigatoka na ndio waliobeba dhahabu ya Olimpiki Rio 2016, ingawa Aprili mwaka huo huo Shujaa, timu yetu ya Kenya ya sevens, na marehemu kocha Benjamin Ayimba walikuwa wamewachapa 30-7 fainali ya Singapore, hilo mniruhusu nilitaje kila nikipewa maiki. Lakini mpira wa kuanzia ni dropu, lazima udunde kwanza ndio uupige unapoinuka. Mchangani unatua pu, unalala hapo. Kijana anazoea kuupiga kabla haujadunda sawasawa, akija kwenye nyasi mguu unauwahi ama unaukosa.

Halafu kuna upepo. Msimu wetu wote ni kusi, na mpira wa juu kwenye kusi waweza kukurudia usoni. Kwa hivyo kapteni akishinda kura ya sarafu asichague tu upande wenye kivuli.

Ombi langu basi ni siku moja ya nyasi kila wiki, Jumamosi. Najua asubuhi kuna madrasa, tumeiweka baada ya Alasiri. Dropu tu na kuruka, dropu na kuruka, mpaka wachoke. Na siku ya mashindano mechi ni kadhaa na katikati mnakaa juani masaa, tafadhali msiwafungie viazi karai na bajia, wape ndizi, maji mengi, dafu ukipata, atakula biriani jioni.

Naona mama kanyanyua mkono… auliza kama kinga ya meno ni lazima. Ndio, ni lazima kwetu, bila hiyo simchezeshi. Zile za kawaida unaichovya maji ya moto, anaing'ata, inashika umbo la meno yake, ndio maana ile ya kaka mtu, mdogo wake hawezi kuirithi, hata kama ameiosha na sabuni.