Nani Anafanya Kazi Katika Hoteli za Malindi?

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu na vijana. Mameneja naona mmekaa nyuma. Sogeeni, maneno mengi leo ni yenu.

Nikiuliza hoteli imeajiri nani, huletewa karatasi mbili: ya wanaume na wanawake, na ya wenye ulemavu. Tuseme watu ni 40, wanawake 20, wenye ulemavu 4. Mwenye hoteli anatabasamu. Karatasi hizo hazisemi kwamba wote 4 ni wanaume, wala kwamba karibu wanawake wote wanatandika vitanda na kufua mashuka, kwa kibarua.

Marekani jambo hili lilifika kortini. Emma DeGraffenreid na wenzake, wanawake weusi, waliishtaki General Motors. Kazi zilipopunguzwa, aliyeingia mwisho alitoka kwanza, na wao walikuwa wamecheleweshwa kuajiriwa. Kampuni ilikuwa na wanawake, lakini weupe. Ilikuwa na weusi, lakini wanaume. Mwaka 1976 korti ikakataa kuyaunganisha madai ya rangi na ya jinsia. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw akaichambua kesi hiyo mwaka 1989, na wengi tunaofanya kazi hii ya kuchunguza nani ameajiriwa tumeanzia kwake.

Basi fomu yetu ya kuhesabu wafanyakazi ni mtu mmoja, mstari mmoja: jinsia, umri, ulemavu, kabila, cheo, aina ya ajira. Hoteli zote ziulize maswali yale yale. Ulemavu msiuulize kwa jina, watu watakana. Ulizeni kama sensa ya 2019: unapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana?

Na mnahesabu lini? Desemba vibarua wamejaa hadi jikoni. Njooni Mei, mvua inanyesha, hoteli nyingine zimefungwa, wamebaki askari na watu wa bustani. Anayehesabu mara moja kwa mwaka atapata picha anayoitaka mwenyewe. Mimi nataka hesabu mbili, ili tujue waliorudishwa nyumbani ni akina nani.

Kwenye kabila mmeanza kuguna, na mna haki. Sheria ya mwaka 2008 inazikataza ofisi za umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja, lakini hoteli zenu ni za binafsi, na mtu anaogopa jibu lake litamfukuzisha kazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu kabila na afya kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo pawe na nafasi ya "sipendi kujibu", na fomu isipitie mkononi mwa meneja. Mnisamehe, mameneja.

Hata jina likifutwa, Mgiriama mwanamke asiyesikia, wa pekee mapokezi, atajulikana na mji mzima. Ndiyo maana sitaki takwimu za hoteli moja moja zitangazwe. Tuzijumlishe za Malindi hadi Watamu, na kundi lenye watu chini ya 5 tusilitoe peke yake.

Haya, maswali. Tuanze na yule mama. Mkono wake uko juu tangu nilipotaja kabila.