Iulizeni Diski Kwanza

Mabibi na mabwana, wale walionisikia Bombo na Busia watanisamehe, kwa maana nitarudia jambo lile lile: kompyuta inapoandika kwenye skrini kwamba faili la mfumo limepotea au limeharibika, faili hilo si ugonjwa bali ni dalili. Fundi anayekimbilia kupiga Windows upya kabla ya kuuliza faili liliharibikaje hajatibu kitu, amefuta ushahidi.

Nitawasimulia kisa changu mwenyewe, na kosa lilikuwa langu. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu aliniletea kompyuta yenye daftari la chama chao cha kuzikana, kile ambacho kwa Kiganda huitwa munno mukabi. Michango ya familia zote ilikuwa humo, nakala moja tu. Mashine ilikuwa ikiwaka kwa shida na kulalamikia mafaili. Mimi, kwa kiburi cha mtu anayejua amri nyingi, niliandika chkdsk C: /r, nikaiwasha upya, nikaenda kulala. Amri hiyo husoma diski yote, sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande, na diski ya sahani, ile ya HDD yenye sahani zinazozunguka, iliyokwisha kuanza kufa haina nguvu za kustahimili kazi hiyo. Asubuhi nilikuta skrini nyeusi, na diski inagonga kwa ndani, ko, ko, ko. Daftari halikupatikana tena. Mzee wa chama hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alileta vitabu vya risiti, tukakaa jioni tano tukiandika upya michango ya shilingi 2,000, mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo, kwanza nakili nyaraka zako. Windows ikikataa kuwaka, washa mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, uzitoe humo. Kisha iulize diski. Diski za siku hizi hujiwekea rekodi ya afya iitwayo SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huisoma kwa dakika moja. Katika diski ya sahani, tazama mstari wa 05, wa sekta zilizobadilishwa, na wa C5, wa sekta zinazosubiri hukumu. Hesabu hizo zikiwa zinapanda, usirekebishe faili lolote. Nunua diski nyingine.

Najua mtu atasema: diski yangu ni nzima, sasa kosa limetoka wapi? Mara nyingi limetoka ukutani. Hapa Jinja tunaishi kando ya bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954, na bado taa huzimika katikati ya sasisho. Windows huyashikilia kwa muda katika kumbukumbu baadhi ya mambo yanayongoja kuandikwa kwenye diski, na yote hayo hupotea umeme ukikatika. Ni kweli kwamba NTFS, mfumo ambao Windows hutumia kupanga mafaili kwenye diski, ina shajara inayolinda mpangilio wa mafaili na folda, lakini shajara hiyo hailindi yaliyomo ndani ya faili lililokuwa likiandikwa. Mwingine atajibu kwamba laptopu yake ina betri. Betri inayodumu dakika mbili si betri! Na kubonyeza kitufe mpaka mashine inyamaze, kwa upande wa diski, ni kukatika kwa umeme kule kule.

Diski ikiwa nzima, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi, uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na baada ya hapo sfc /scannow. Wengi huanza na hii ya pili, kisha wanashangaa inapowaambia kwamba imeona mafaili mabovu na imeshindwa kuyatengeneza. Haikosei: hutoa mafaili mazima katika ghala lililomo kwenye folda ya WinSxS, na ghala lenyewe likiwa limeoza haina cha kutoa. DISM ndiyo inayolitengeneza ghala, kwa kawaida kwa kuchota kutoka Windows Update, basi wekeni bando la kutosha, na ikisimama kwenye asilimia ile ile kwa muda mrefu, msiizime.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kupima RAM, ile kumbukumbu ya muda niliyoitaja, ni amri ya mdsched, mengine sitayagusa. Faili la DLL, yaani faili la msaada ambalo programu hulihitaji ili ifanye kazi, likikosekana, msilipakue kutoka tovuti msiyoijua; sakinisheni upya programu inayolidai.

Maswali nitayapokea nje, chini ya mwembe. Aliyekuja na laptopu mbovu asiiwashe kabla hajaniambia kama ana nakala.