Kabati Lenye Kufuli: Elihu Lauterpacht na Kazi ya Kuchapisha Sheria

Habari za jioni wanafunzi wangu, mawakili wenzangu, na wazee wetu mlioketi huku mbele. Asanteni kwa kufika. Mvua ikishainyeshea Nairobi, kutoka Rongai mpaka hapa ni safari ya mchana kutwa, nami sitawachosha zaidi kwa salamu.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya Elihu Lauterpacht, msomi wa sheria ya kimataifa aliyefariki Februari 2017 akiwa na miaka 88. Mwingine angemsimulia kwa kesi zake. Aliitetea Australia ilipoishtaki Ufaransa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, kwa sababu ya majaribio ya nyuklia katika Pasifiki. Katika kesi ya mauaji ya kimbari iliyofunguliwa mwaka 1993 alikuwa jaji wa muda aliyeteuliwa na Bosnia. Hayo mtayasoma wenyewe. Mimi nataka kuzungumza juu ya vitabu alivyohariri. Wanaonijua wameshaanza kutabasamu, maana wimbo huu wameusikia. Nitauimba tena kwa sababu ninaloliomba bado halijafanyika.

Kwanza kabati.

Nilipokuwa nikijifunza uwakili, miaka ya 1990, niliwekwa chini ya wakili mmoja mkongwe hapa mjini. Ofisini mwake, nyuma ya kiti chake, palikuwa na kabati la chuma lenye kufuli. Ndani mlijaa fotokopi za hukumu ambazo hazikuwa zimechapishwa popote. Alizikusanya moja moja kwa miaka mingi, nyingine zimefifia hata wino hauonekani, na funguo alitembea nao mfukoni. Msije mkamlaumu haraka. Ripoti za Sheria za Afrika Mashariki zilikoma katikati ya miaka ya 1970, Jumuiya ilipokuwa ikivunjika, na zile za Kenya zilizofuata hazikudumu. Majaji waliendelea kuamua, karatasi zikaendelea kurundikana masjala, na wakili aliyetaka kujua Mahakama ya Rufani ilisema nini mwaka uliopita alilazimika kuwa na rafiki, au kabati.

Siku moja tulikwenda kortini. Upande wa pili alisimama kijana ambaye hakuwa amenizidi umri sana. Alikuwa amejiandaa, mtu angeona. Alikuwa na vitabu vyote vilivyokuwa vikiuzwa mjini na alama za karatasi kila ukurasa. Alizungumza vizuri kwa nusu saa. Kisha mkongwe wangu akainuka taratibu, akatoa mkobani hukumu ya kurasa tisa, akampa jaji nakala moja na kijana nakala moja. Ilikuwa hukumu ya miaka kumi na moja nyuma, kuhusu jambo lile lile, nayo ilimpinga kijana kila mstari. Kijana akaomba dakika tano aisome. Nilimtazama akisoma. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Tulishinda kabla ya saa sita, na mteja wake, mama mmoja mtu mzima, akatoka bila kuelewa ni kitu gani kimempata. Yule kijana alishindwa na kufuli.

Nilirudi nyumbani kwa matatu namba 46 na sikufurahia ushindi ule. Mpaka leo naamini hukumu isiyochapishwa ni mali ya mtu binafsi, na nchi ambayo sheria yake ni mali ya watu binafsi haiwezi kujisifu kwamba inatawaliwa kwa sheria.

Sasa mtaona kwa nini nampenda Lauterpacht.

Baba yake, Hersch, alizaliwa mwaka 1897 katika mji mdogo wa Żółkiew, karibu na mji ambao leo ni Lviv, Ukraine. Myahudi, mhamiaji, alifika Uingereza mwaka 1923. Wakati ule wasomi wengi walisema kwamba sheria ya kimataifa ni maneno matupu ya mabalozi, wala si sheria. Hersch angeweza kuwajibu kwa kitabu cha nadharia, na nadharia aliandika nyingi. Lakini pamoja na mwenzake Arnold McNair alifanya jambo jingine: alianza kukusanya hukumu. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1929. Humo mlikuwa na maamuzi ya mahakama za nchi mbalimbali, za kawaida kabisa, zinazoamua juu ya meli, deni, uraia, kinga ya balozi, zote zikitumia sheria ya kimataifa kama majaji wanavyotumia sheria yoyote. Hakubishana na wasomi wale tena. Aliwawekea kitabu mezani, wafungue.

Halafu ikaja vita, na karibu jamaa zake wote waliobaki kule kwao waliuawa. Mkusanyo haukufa. Mwaka 1950 ukaitwa International Law Reports. Hersch alifariki mwaka 1960 akiwa jaji wa The Hague, na kazi ikamwangukia mwanawe Elihu, kijana wa miaka 31. Hakuiacha tena. Leo mkusanyo huo umepita juzuu 200.

Juzuu 200, ndugu zangu. Na ndani ya kila juzuu hukumu haipo tu kama ilivyotoka kortini. Mtu ameisoma yote, akaandika muhtasari unaosema ni swali gani liliamuliwa na ni lipi liliguswa kando tu, akatafsiri iliyokuwa ya lugha nyingine, akaiweka chini ya kichwa kinachofaa, akaiingiza katika faharasa. Kuamua kwamba hukumu hii ni ya "kinga ya dola" na ile ni ya "urithi wa dola" ni kutoa hoja ya kisheria. Ukikosea, mwanafunzi wa Lagos au wa Lima hataipata kamwe. Kwa maoni yangu, na nimeyasema mbele ya watu wasiotaka kuyasikia, kutengeneza faharasa nzuri ya hukumu 500 ni kazi ngumu kuliko kuandika makala matatu ya jarida. Lakini mhadhiri kijana akienda kuomba kupandishwa cheo na mkusanyo wake mkononi, anaambiwa hiyo ni kazi ya karani. Nimekaa katika vikao hivyo. Nimeona mtu mwenye kazi ya miaka sita akipitwa na mwenye makala manne ya kurudiarudia jambo moja. Nilikasirika siku ile na hasira haijaisha.

Lauterpacht hakuona aibu ya kuwa mchapishaji. Alianzisha kampuni yake ndogo, Grotius Publications, ambayo baadaye ilichukuliwa na Cambridge University Press. Iran na Marekani zilipoundiwa mahakama ya madai kule The Hague baada ya mzozo wa mateka, ni kampuni ile iliyochapisha maamuzi yake. Mwaka 1983 alianzisha kituo cha utafiti wa sheria ya kimataifa pale Cambridge, ambacho leo kinabeba jina la ukoo wao. Mtu mmoja alifundisha, akasimama kortini, akasahihisha prufu, zile kurasa za kukaguliwa kabla ya kitabu kuchapwa. Hakuona kwamba kazi moja ni ya heshima na nyingine ya kupita njia.

Kuna anayejiuliza huko nyuma: huyu Mwingereza anatuhusu nini? Anatuhusu. Mtu yeyote wa Pembe ya Afrika ameguswa na kazi yake.

Vita vya Eritrea na Ethiopia, 1998 hadi 2000, viliua makumi ya maelfu ya watu. Mkataba wa Algiers wa Desemba 2000 ukaunda Tume ya Mpaka ya watu watano, mmoja wao akiwa Bola Ajibola wa Nigeria, na Lauterpacht akawa rais wake. Walipewa mikataba mitatu ya enzi za Menelik, mfalme wa Ethiopia, na Waitaliano waliotawala Eritrea, ya 1900, 1902 na 1908, wakaambiwa waseme mpaka uko wapi. Uamuzi ulitoka tarehe 13 Aprili 2002, na pande zote mbili zikatangaza ushindi! Kila mmoja alidai mji wa Badme ni wake. Ikabidi Tume ifafanue baadaye kwamba Badme iko upande wa Eritrea. Ethiopia haikukubali, na kazi ya kusimika bikoni, yaani alama za mpaka ardhini, ikakwama.

Ninyi mnaojua kesi za mashamba mnaelewa: mpaka bila bikoni ni ugomvi uliolala. Tume haikuwa na askari hata mmoja. Basi Novemba 2006 ikatoa orodha ya mahali pa kila bikoni, nukta kwa nukta, kwa longitudo na latitudo, na kuzipa nchi hizo mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha bila bikoni kusimama, ikasema mpaka umekwisha kuwekwa kwa nukta zile. Watu wakasema huo ni mpaka wa karatasi. Ni kweli, ulikuwa wa karatasi, na Badme ilibaki mikononi mwa Ethiopia miaka mingi. Lakini Juni 2018 Addis Ababa ilipotangaza kwamba sasa inaukubali uamuzi, haikuhitajika tume mpya kuanza upya. Uamuzi ulikuwepo, umechapishwa, kila nukta ina namba yake. Siwezi kudai kwamba amani iliyofuata ilikuwa kamili. Mnavijua vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, vilivyokuja baadaye. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeishi na prufu maisha yake yote alijua karatasi iliyo wazi kwa wote inaweza kungoja kuliko majenerali.

Turudi nyumbani. Sitawasomea Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010, mnakijua: mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Basi korti zetu zinautumiaje? Chukueni kesi ya Mitu-Bell, chama cha wakazi. Kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilibomolewa Novemba 2011. Wakazi walishinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufani, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake. Ilisema mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu kufurusha watu haugeuki kuwa sheria ya Kenya kwa nguvu ya Kifungu cha 2(5), kile kinachozifanya kanuni za jumla za sheria ya kimataifa kuwa sehemu ya sheria yetu, lakini jaji anaweza kuutumia kufafanua haki ya makazi. Hukumu nzito! Na kabla yake ipo ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 2005 iliyowapa mabinti urithi sawa na ndugu zao wa kiume, ikiegemea mkataba wa haki za wanawake, miaka mitano kabla ya Katiba mpya. Nani amezipanga hukumu hizi, kuanzia ile ya 2005 hadi leo, kwa vichwa, kwa muhtasari, kwa faharasa, ili jaji wa Kampala au wa Lilongwe azione pamoja?

Utaniambia: Profesa, ziko mtandaoni bure. Ni kweli, na kila mara nafurahi. Bunge lilipitisha mwaka 1994 sheria ya kuunda baraza la kuripoti hukumu, na leo kijana yule wa kortini angeisoma ile ya kurasa tisa kwenye simu, ndani ya matatu. Kufuli limevunjwa. Lakini kumwagiwa gunia zima la mahindi sakafuni si kupikiwa ugali. Utatafuta neno "mkataba" na utaletewa kila mkataba wa kuuza ng'ombe na wa kupanga nyumba.

Utaniambia tena: akili unde itapanga. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kortini kesi ambazo programu ilizibuni, zenye majina, tarehe, hata dondoo za majaji. Anayejua kwamba kesi fulani haipo ni mtu mwenye orodha ya kuaminika ya zilizopo. Orodha hiyo haijitengenezi.

Nilitaka kusema zaidi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Juzuu za Ulaya ni ghali mno kwa maktaba zetu, kwa hivyo tukichapisha, tuchapishe bure. Waafrika waliokwisha kutuonyesha njia wapo: Abdulqawi Yusuf, Msomali aliyekuja kuwa Rais wa Mahakama ya The Hague, alianzisha kitabu cha mwaka cha sheria ya kimataifa cha Afrika mapema miaka ya 1990, zamani kabla ya ukubwa huo. Na Phoebe Okowa, aliyesoma sheria hapa Nairobi, ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika kuingia Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Kuhusu Kiswahili nilikuwa na kurasa nne, naziacha. Tanzania ilikifanya lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021. Sisi tumekiandika katika Kifungu cha 7 cha Katiba na kukiacha humo.

Nimalizie kwa kazi. Mlangoni kuna daftari. Nahitaji watu kumi na wawili, wanafunzi au mawakili, kila mmoja achukue mwaka mmoja kuanzia 2010, asome hukumu zinazotaja Kifungu cha 2(5) au 2(6), na aandike muhtasari wa kila moja, Kiingereza ukurasa mmoja, Kiswahili ukurasa mmoja. Tutakutana Jumatano jioni, saa kumi na moja. Mwaka 2021 nimeshauchukua mimi, kwa hivyo msiandike jina hapo. Wa 2013 ndio mzito kuliko yote. Naomba auchukue mtu mwenye subira.